Mto Kichwani mwa Yirlesa

Barazani kwangu, mtaa wa La Yesquita, hapakosi watu. Anayesukwa amekaa kigodani, anayesubiri zamu amekaa ngazini, na asiyesukwa wala kusubiri amekuja kusikiliza tu, na huyo ndiye anayepata kiti kizuri. Mji wetu wote wa Quibdó unajua: ukitaka siri yako ifike bandarini kabla yako, inamisha kichwa kwa Deyanira. Mimi si mmbea. Mikono yangu inasuka, sasa masikio nayo yafanye nini?

Kwa hiyo Yirlesa alipofika kwangu watu walikuwa wameshamjua kabla hajatua begi. Alishuka na boti kutoka Boca de Guarumo, safari ya kutwa, mimba ya miezi saba mbele yake na nyuma yake amri ya bibi yake.

"Deyanira, nakutumia mjukuu wangu," Bibi Ciriaca aliniambia kwa simu. "Mshike. Nisimwone huku mpaka atue mzigo."

Bibi Ciriaca ni mkunga. Amezalisha mto wote ule, na mimi ni mmoja wa waliopokelewa na mikono yake. Lakini bintiye mwenyewe, Neila, mama yake Yirlesa, alishikwa na kifafa cha mimba akiwa na uchungu wa mtoto wa pili. Wakamlaza botini wamlete mjini. Walipofika kwenye kona moja ya mto boti ikageuza, maana hapakuwa tena na haja ya kuendelea. Tangu siku hiyo, mwanamke akivimba uso, au akiwa na historia hiyo kwao, Bibi Ciriaca hamgusi. Humpakia botini mapema. Wanamwita mkunga mfukuzaji, naye huitika. Na yeye mwenyewe hajateremka tena na mto kupita kona ile.

Huyo ndiye aliyemfukuza Yirlesa. Na Yirlesa hakumsamehe.

"Sina ugonjwa, Shangazi," aliniambia siku ya kwanza tu, huku samaki wa kukaanga akipoa mbele yake. "Nina bibi mwoga."

Hospitalini alipokewa na Daktari Jojoa, binti wa Pasto, kule milimani kwenye baridi, mdogo wa umbo, kofia ya sufi kichwani kwenye joto letu hili, Mungu amsaidie. Aliposikia habari za Neila akasema hatasubiri presha ipande ndipo ashtuke. Akatoa damu mkononi mwa Yirlesa, ikafungwa kwenye boksi la barafu, ikapakiwa ndege kwenda Medellín, maana mashine ya kuipima iko huko.

Nubia, muuza samaki, shoga yangu tangu tuko matako wazi, alipiga makofi baraza lote likageuka. "Tazameni mambo! Mimi na uzee wangu sijapanda ndege, damu ya huyu mtoto imepanda!"

"Na soda imepewa," nikasema.

"Imekaa dirishani!"

Majibu yaliporudi tulikwenda sote watatu. Nubia hakualikwa, lakini Nubia ndiye huyo. Daktari Jojoa alichora duara kwenye karatasi akasema hili ni kondo la nyuma. "Likishika vizuri, linamwaga kwenye damu ya mama kitu cha kukuza mishipa, njia za damu zifunguke. Likibanwa, linamwaga kitu kingine, cha kuizuia mishipa hiyo. Tunavipima vyote viwili tuone kipi kimemzidi mwenzake. Kwako, Yirlesa, kile cha kuzuia kimezidi mbali sana."

"Kwa hiyo naumwa?"

"Leo hapana. Presha yako nzuri, mkojo wako safi. Lakini damu inaniambia kondo lako linahangaika. Pengine hutapata lolote. Pengine presha itapanda ghafla, na tukiiachia, mwisho wake ni kile kilichomchukua mama yako. Ndiyo maana wiki hizi zijazo sitaki uwe mbali nami. Presha kila asubuhi. Na kichwa kikiuma kisipoe, ukiona vimulimuli machoni, tumbo likikubana hapa chini ya mbavu, usingoje kesho. Unakuja saa hiyo hiyo."

Njiani kurudi Nubia hakuweza kunyamaza. "Sasa kondo linahangaika nini na wewe unakula, unalala, unaogeshwa kama malkia?"

"Linataka kwao," Yirlesa akajibu. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka, na hakikuwa kicheko. "Limeshajua halitazikwa Guarumo."

Hapo ndipo nilipolielewa jambo lenyewe. Kule kwetu mtoni mwanamke akijijua ana mimba hupanda nazi kwenye bustani ya juu, ule mtumbwi mkuukuu ulioinuliwa juu ya nguzo na kujazwa udongo unaochimbuliwa na siafu. Mimba inakua, na mche nao unakua. Siku ya kujifungua, mche unashushwa ardhini na kondo linazikwa chini ya mizizi yake. Huo ndio mnazi wako. Wa kwangu bado uko, mrefu, umepinda, unazaa kuliko mimi nilivyowahi kuzaa. Wa Neila upo nyuma ya nyumba ya Bibi Ciriaca, na Neila mwenyewe amelala hatua chache kutoka hapo. Yirlesa alikuwa ameshachagua mahali pa mnazi wa mwanawe: katikati ya mnazi wa mama yake na kaburi la mama yake. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa yeye.

Leison, mumewe, alikuwa Chile akipaka rangi maghorofa, na kila akipiga simu aliulizia tumbo na Yirlesa akamjibu vizuri. Lakini simu aliyoisubiri haikuwa ya Leison. Guarumo mtandao unashika juu ya gogo moja tu kando ya mto, na kila alasiri Bibi Ciriaca alipanda pale na uzee wake kutuma ujumbe wa sauti. "Mnazi wako umetoa jani. Kuku mweusi kaatamia. Umekula?" Basi, hayo tu. Yirlesa aliusikiliza, akaurudia, akaurudia tena. Nilidhani anamsikiliza bibi yake. Siku moja nikasogeza sikio karibu, nikagundua anangojea pale bibi anapomaliza kusema na kusahau kuzima simu: kasia likigonga ubavu wa mtumbwi, mtu akimwita mtu ng'ambo, maji yanapita. Alisikiliza mto. Alifumba macho akasikiliza mto mpaka simu ikaisha chaji.

Siku ya mtaa wetu katika sherehe za Mtakatifu Francisco, San Pacho wetu, ilifika. Nani analala siku hiyo? La Yesquita nzima tumeshona kitambaa kimoja, na kabla jua halijatoka sawasawa nina vichwa ngazini mpaka barabarani. Yirlesa alikwenda kupima presha peke yake. "Wewe una kazi, Shangazi, njia naijua." Akarudi akasema iko sawa. Akaruka foleni akakaa kigodani.

"We!" wakapiga kelele waliokuwa ngazini.

"Mjamzito hapangi foleni," akawaambia. Kisha, kwa sauti ya chini: "Nisuke mto, Shangazi."

"Mto gani?"

"Wetu. Anzia bandarini hapa, upande mpaka Guarumo. Na ukaze. Ukaze kabisa, isilegee hata nikilalia."

Kusuka njia si jambo geni kwetu. Bibi zetu walisukana njia za kutoroka kutoka migodini, maana kichwa cha mtumwa hakuna aliyekipekua. Nikachota mafuta, nikagawa nywele. Kwenye paji la uso nikaweka Quibdó. Nikaupandisha mto na kona zake, kila kijito kinapoingia nikafunga kifundo.

Nubia alikuwa amesimama kando ya mkokoteni wake wa samaki anakagua. "Umeruka kijiji cha wakwe zangu!"

"Sikukiruka. Nimekihurumia kichwa cha mtoto."

"Hapo hapo, endelea kuwaruka!"

Tulipofika kwenye kona ile, ile boti ilipogeuzia, Yirlesa alinishika mkono bila kugeuka. "Hapa usifunge kifundo. Pita tu." Nikapita. Kisogoni nikazungusha msuko kama konokono, ndiyo Boca de Guarumo. Alipapasa kichwa chote kwa kidole, kutoka mbele mpaka nyuma, taratibu, kona kwa kona, na kidole kilipofika kisogoni kikabaki pale.

Alasiri bendi ikafika mtaani. Klaneti, ngoma, matoazi, watu kama mchanga, kila mmoja kwenye kitambaa chetu. Nikamwona Yirlesa amekaa pembeni ya baraza, mikono miwili imeshika kichwa, chakula hakijaguswa.

"Vipi?"

"Misuko inabana."

Nikacheka, sikudanganyi. "Si wewe uliyesema nikaze? Urembo ni vita, mama."

"Inabana, Shangazi. Nifumue."

Miaka yote hii nimesuka, kichwa kikiuma mtu yuko kigodani kwangu, mimi najua kosa ni la mkono wangu. Ndivyo tulivyo wasusi. Wala wazo lingine halikunijia. Nikaleta chanuo, nikaanza kufumua, nikipigana maneno na wapita njia. Nikafumua Guarumo. Nikashuka na mto, kijito kwa kijito, namuuliza, "Hapa nafuu?" Anasema bado. "Hapa?" Bado. Nikafika kwenye kona isiyo na kifundo. Bado. Nikafumua mpaka bandarini, nywele zikasimama zote huru kama wingu, nikaikanda ngozi ya kichwa kwa mafuta.

"Sasa je?"

Alikuwa anapunga mkono mbele ya uso wake kama anayefukuza inzi. Hapakuwa na inzi.

"Yirlesa, unaona nini?"

"Vimulimuli," akasema, "ila ni mchana."

Chanuo likanidondoka. Mto wote nimeufumua na kichwa bado kinauma. "Asubuhi presha ilikuwa ngapi?"

"Sikwenda kupima." Akaanza kulia. "Nilikwenda bandarini. Boti ya Arnobio inaondoka jioni hii kwenda Guarumo, nimeshaweka begi. Kilianza kuuma tangu jana, Shangazi. Nikasema nikikazwa misuko hamtauliza kichwa kinaumia nini. Nikifika nyumbani kitapoa. Nipeleke tu. Nakuomba. Nikifika kitapoa."

Unamjibu nini mtu kama huyo? Nikapiga simu. Ilikuwa saa ya Bibi Ciriaca kuwa juu ya gogo lake, na aliipokea kabla haijalia vizuri. Nikamweleza, nikaweka simu sikioni kwa Yirlesa. Bendi ilikuwa inapita mbele yetu, lakini sauti ya yule bibi ilisikika nje ya simu.

"Yirlesa. Nikikuona kwenye gati langu na tumbo hilo, nitaung'oa mnazi wako kwa mikono yangu hii. Umesikia? Nitaung'oa na mizizi."

"Bibi..."

"Nitaung'oa! Nenda hospitali."

Yirlesa akashusha simu. Akanitazama kwa macho ambayo sidhani yalikuwa yananiona sawasawa. Akasema, "Haya, twende," kwa sauti ya mtu anayerudisha kitu cha watu.

Twende na nini? Barabara zote zimejaa watu, pikipiki haipiti. Nubia akamwaga samaki wake chini, wote, akageuza mkokoteni. "Panda, mwanangu, unanuka lakini una magurudumu." Tukamlaza juu ya mto wa kiti changu, mimi nikasukuma, Nubia mbele akapiga kelele: "Njia! Mgonjwa! Pisheni njia!"

Sasa, kila mtaa siku yake ikifika hutoa kichekesho chake juu ya magurudumu, watu wakajionee serikali au mapadri wakitaniwa. Umati ulipoona mwanamke mwenye tumbo, nywele zimesimama, ndani ya mkokoteni wa samaki, na vibibi viwili vinapiga mayowe, ukajua hicho ndicho kichekesho cha La Yesquita. Wakapiga makofi! "Safi sana, hali ya hospitali zetu hiyo!" Bendi ikageuka ikatufuata. Nubia aliwatukana matusi ambayo sitayaandika, na kadiri alivyotukana ndivyo walivyozidi kushangilia. "Yule mzee anaigiza, jamani!" Lakini walipisha. Kichekesho hupishwa njia kuliko mgonjwa. Tulifika mlangoni na klaneti nyuma yetu, na Daktari Jojoa akatoka na kofia yake ya sufi akidhani ni maandamano.

Alipofunga kipimo mkononi mwa Yirlesa, makofi na klaneti vikawa kama vimezimwa na mtu. Walimtundikia dripu ya kuzuia kifafa, wakamwingiza upasuaji. Tulikaa kwenye benchi, mimi na shoga yangu, na sare zetu za sherehe zikinuka samaki.

Mtoto alikuwa wa kike, njiti, mdogo kama kuku wa kienyeji, lakini analia. Wakampeleka kwenye chumba cha joto. Yirlesa alipoweza kuzungumza aliuliza, "Yu hai?" Nikamwambia yu hai na ana mdomo kama wa Nubia. Kisha akauliza swali la pili, na hilo nilikuwa nalingojea kwa hofu. "Kondo?"

Nilikuwa nimeshamuuliza daktari. Limekwenda kuchunguzwa waone lilibanwa wapi.

"Wapi?"

"Medellín."

"Kwa ndege," Nubia akasema taratibu, na hakuna aliyecheka.

Yirlesa aligeukia ukuta. Alikuwa mzima, mtoto mzima, na alilia kama aliyefiwa. Muuguzi akasema hamtaki mtoto? Nikamwambia nyamaza, dada, hujui huyu analilia nini.

Siku iliyofuata, mchana, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda nikasikia ubishi mlangoni. Mlinzi anasema, "Bibi, miti hairuhusiwi wodini." Na sauti inamjibu, "Huu si mti, huyu ni mgonjwa mwenzake." Bibi Ciriaca akaingia. Matope mpaka magotini, kilemba kimelowa, na kifuani amekumbatia debe la mafuta ya kupikia, na ndani ya debe mnazi, majani mawili na la tatu bado limejikunja. Alikuwa amepita ile kona. Hakuna aliyemuuliza ameipitaje.

Akaweka debe sakafuni karibu na kitanda. "Nilisema nitaung'oa," akamwambia mjukuu wake. "Nimeung'oa."

Yirlesa alinyosha mkono akashika jani. Walikaa hivyo, mmoja ameshika jani, mwingine ameshika mguu wa mwenzake juu ya shuka.

"Hakuna cha kuzika, Bibi. Kondo wamelichukua."

"Nimesikia. Neila tulirudi naye na kondo lake, nikavizika vyote kwa mkono wangu." Akavua kilemba, akakikamua. "Mara hii wachukue tu. Wewe umebaki."

Walikaa kwangu mpaka mtoto alipokomaa. Kila siku Yirlesa alikwenda hospitali kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, kama wanavyofundisha, na kitovu kilidondoka akiwa hapo hapo kifuani. Muuguzi yule yule akakifunga kwenye kipande cha bandeji, akampa bila kuulizwa. Mtoto akaitwa Neila. Debe lilikaa barazani kwangu, kwenye kile kiti kizuri cha wasikilizaji, na ole wake aliyejaribu kulihamisha. Bibi Ciriaca aliusimanga mji wetu: samaki wetu wamechacha, mvua yetu haina adabu. Jioni alikaa akisikiliza maneno ya watu, na mara moja moja nilimwona anageuza kichwa kuelekea bandarini. Simu ya Yirlesa ilikuwa bado na zile sauti. Sasa walisikiliza wote wawili.

Asubuhi ya kuondoka Yirlesa alikaa kigodani, mtoto amefungwa kifuani. "Mto, Shangazi. Ila usikaze."

Nikausuka legelege. Nilipofika kwenye ile kona nikasita, kidole juu ya ngozi. Bibi Ciriaca alikuwa amesimama nyuma yangu. "Funga," akasema. Nikafunga kifundo.

Wakapanda boti ya Arnobio, debe katikati ya magoti ya bibi. Kitovu kitazikwa chini ya mnazi, kondo limebaki Medellín kwa wenye mashine, na mtoto huyo akikua ataamua mwenyewe kwao ni wapi. Nimeambiwa mnazi umeshika, umetoa jani jingine. Ujumbe ulikuja jana, alasiri, na bibi alisahau kuzima simu.

Baraza langu limejaa kama kawaida. Lakini kwenye kile kiti kizuri debe limeacha duara la kutu, na Nubia kila siku ananitania, "Deyanira, sugua kiti hicho watu wakae." Namwambia nitasugua. Halafu naiwasha simu, naiweka karibu na sikio, na kule mwisho, bibi akishamaliza kuuliza kama nimekula, nasikia mtoto analia, na nyuma yake maji yanapita.